Kifuniko cha Tangi na Mjomba Wako Yohana

Makole, Dodoma
Jumamosi, saa kumi na moja jioni

Mwanangu Eunike,

Mambo ya blanketi, dawa, sufuria na namna ya kuhifadhi unga nimemwachia mama yako, ambaye anayajua kuliko mimi na amekwisha kukueleza mara tatu tangu asubuhi. Mimi nakuandikia jambo moja tu. Kesho unakwenda Kintinku kuanza kazi ya ualimu, na utakaa nyumbani kwa mjomba wako Yohana. Yeye mwenyewe ndiye aliyeleta ujumbe, aliposikia kwa mama yako kwamba umepangiwa shule ya huko. Alisema mtoto wa dada yake hawezi kupanga chumba mahali ambapo yeye ana nyumba. Ujumbe huo hakuuleta kwangu. Huu ni mwaka wa sita hajakanyaga hapa, nami nimefika kwake mara moja tu, nikarudi kama nilivyokwenda.

Hujui sababu. Uliwahi kuniuliza kwa barua ulipokuwa bwenini, kidato cha pili: mbona mjomba haji siku hizi? Nadhani unakumbuka nilichofanya. Niliisahihisha barua yako kwa wino mwekundu kuanzia tarehe hadi sahihi, nikakurudishia. Swali lako sikuligusa. Hukuuliza tena, nami nikaona nimekufundisha uandishi.

Leo nalijibu. Sitaki uingie katika nyumba ya mtu huyu na kula chakula chake bila kujua baba yako alimtendea nini. Ukisubiri kulisikia kwake, hutalisikia kamwe. Namjua.

Unafahamu kwamba nilikuwa karani wa masjala kwa miaka ishirini na mbili. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba kila barua imo katika jalada lake na kila jalada liko mahali pake. Niliifanya vizuri, na nilijua kwamba naifanya vizuri, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi, jina langu lilikuwa katika orodha ya kwanza. Nilichukua kiinua mgongo changu, nikaenda kwenye mnada wa mali chakavu za idara moja, nikanunua pikapu kuukuu iliyokwisha kupakwa rangi mara mbili. Siku zile kila mtu aliyepunguzwa kazini alikuwa akifungua kitu: huyu kibanda, yule mashine ya kusaga. Biashara zilikuwa zimeruhusiwa, na watu wa minadani walihitaji mtu wa kuwabebea mabelo ya mitumba, sabuni na chumvi.

Gari nilikuwa nalo, lakini kuendesha sikujua. Mjomba wako alijua. Alikuwa ameendesha malori ya watu kwa miaka mingi, na dada yake alipomwambia, aliacha lori la mtu akaja kwangu. Ndiye aliyenifundisha kuendesha, pale Mkonze, penye uwanda kabla ya mashamba ya zabibu. Mimi nina umri wa miaka arobaini na tisa, nimevaa shati la mikono mirefu na kalamu mfukoni, naye ameketi kando yangu akijizuia kucheka.

"Shemeji, klachi siyo mlango wa ofisi," aliniambia. "Iachie polepole. Hakuna mtu anayekufukuza."

"Nimeiachia polepole."

"Basi gari imeruka yenyewe."

Kwa miezi minane tulifanya kazi bila neno. Siku nyingine nilisafiri naye, siku nyingine alikwenda peke yake, nami nikabaki mjini kutafuta mizigo. Wanawake wa mnadani walimpenda kwa sababu alishuka kuwasaidia kupakia. Mimi waliniita Mzee Masjala, kwa kuwa niliandika kila furushi katika daftari kabla halijapanda.

Kisha nilianza kuona kwamba petroli inakwisha upesi kuliko nilivyokadiria. Tazama neno hilo, mwanangu: nilivyokadiria. Nilikadiria nikiwa nimekaa kwenye kiti, kwa umbali wa ramani. Sikukadiria mchanga wa Bahi, ambao gari lililobeba mzigo huupita kwa gia ya pili muda mrefu. Kifuniko cha tangi tulichokuta kwenye gari kilikuwa kimechakaa, kimefungwa kwa mpira wa baiskeli, na mtu yeyote angeweza kukifungua. Nikajiuliza ni nani yuko karibu nacho kila siku. Jibu lilikuwa moja.

Sikumuuliza. Nilikwenda mjini, kwenye duka moja la vipuri. Zamani tulisubiri kipuri miezi, kwa kibali na barua; sasa vilining'inia ukutani kama nguo. Nikanunua kifuniko kipya kinachong'aa, chenye kufuli na funguo mbili. Hakikuwa cha gari lile, lakini kilikaa, tena kilikaza vizuri sana. Ufunguo mmoja niliuweka mfukoni mwa shati, wa pili kwenye sanduku langu la vyeti.

"Hii nayo ya nini?" mjomba wako aliuliza.

"Vumbi," nilisema.

Alikitazama, akanitazama, akasema, "Sawa, shemeji." Alielewa. Mtu aliyeendesha malori ya watu hawezi kukosa kuelewa kifuniko cha kufuli.

Pamoja na kifuniko nilichonga kijiti chembamba, nikakitia alama kwa kisu. Kila niliposafiri naye, tulipofika Kigwe nilishuka, nikafungua tangi, nikachovya kijiti, nikasoma. Bahi tena. Kintinku tena. Yeye alikaa nyuma ya usukani akitazama mbele.

Haikupita wiki mbili gari likaanza kuugua. Injini ilikosa mwako, ikarudi, ikakosa tena. Mafundi husema gari linamisi. Mjomba wako alirudi siku hiyo akiwa amechelewa, vumbi hadi kwenye kope.

"Shemeji, ikitoka Bahi inaanza kumisi," alisema. "Inakata, inarudi, inakata. Kwenye mchanga inataka kuzima kabisa. Nikisimama nikipumzika, inakwenda tena kama haikuwa yeye."

Nataka ujue tulichofanya, kwa sababu utafanya kazi na watoto, na utakutana na mambo yanayokuja na kuondoka. Kosa lililokaa mahali pamoja si gumu. Gari lisipowaka kabisa, fundi yeyote ataanzia mwanzo na atafika mwisho. Lakini gari linaloumwa barabarani na kupona mbele ya fundi humfanya kila mtu aseme lile alilokwisha kuliamini kabla.

Mimi niliamini vipuri. Nilinunua plagi nne, platini na kondensa, nikaagiza vyote vifungwe siku moja. Mjomba wako alinishauri tubadilishe kimoja, tuendeshe, ndipo tubadilishe kingine. Nilimwambia sina muda wa majaribio. Gari likaenda vizuri safari moja, ambayo mimi nilikuwamo, nikafurahi. Safari iliyofuata alikwenda peke yake, likamisi kabla ya Bahi. Sasa hatukujua tena lolote, hata kama plagi za zamani zilikuwa nzima. Tukafungua kabureta, tukaisafisha kwa petroli na brashi. Tukabadilisha waya za plagi. Tukapuliza chujio. Kila mara ilikuwa vilevile: nikiwamo, gari zima, nisipokuwamo, gari gonjwa.

"Gari inakuogopa," mjomba wako alisema siku moja, akicheka. "Ikimwona Mzee Masjala, inakaa sawa kama mtoto wa shule."

Mimi sikucheka. Nilifungua daftari jipya. Niliandika tarehe, mzigo, saa ya kuondoka, mahali lilipoanza kumisi, na nani alikuwamo. Daftari hilo ninalo hadi leo, na hakuna mstari mmoja wa uongo ndani yake. Baada ya safari kumi na moja lilionyesha mambo mawili waziwazi. La kwanza, gari halimisi mimi nikiwamo. La pili, tangi likijazwa pomoni, ugonjwa huanza mapema zaidi. Nikaunganisha hayo mawili. Nilisema moyoni: anachota petroli njiani na kujazia mafuta ya taa, na tangi likiwa limejaa ndipo anapochota nyingi.

Nilimwambia mama yako. Alikuwa akichambua mchicha.

"Anaingizaje mafuta ya taa," aliuliza, "na ufunguo unatembea nao wewe?"

"Amechonga wa pili."

"Umeuona?"

"Hawezi kuniachia niuone."

Aliendelea na mchicha wake. Mtu akishafika mahali ambapo kutoona ushahidi kumekuwa ushahidi, hakuna anayeweza kumsaidia, na mama yako alinijua vya kutosha asijaribu.

Siku ya mnada wa Kintinku sikumwambia Yohana kwamba nitafuata. Yeye aliondoka na gari alfajiri. Mimi nilipanda lori la mahindi saa mbili baadaye. Nilimkuta pale, chini ya miti penye wauza mitumba, boneti iko wazi, wanawake wamekaa juu ya mabelo yao wakimngoja. Gari lilikuwa limemsumbua njia nzima. Aliponiona alifurahi, Eunike. Alidhani nimekuja kujionea.

Sikusalimia. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kiti chake, nikatoa mfuko wake, nikaufungua mbele ya watu. Ndani yake mlikuwa na dumu dogo la lita tatu. Nikafungua kizibo, nikanusa. Mafuta ya taa.

"Hiki nini?"

"Mafuta ya taa, shemeji."

"Ya nini kwenye gari la petroli?"

Akasema, "Ya nyumbani." Akataka kuendelea. Nikamkatiza. Nilisema kwa sauti ya kusikika, nikachagua maneno yangu vizuri kama nilivyozoea. Nilisema kwamba nimempa kazi kwa ajili ya dada yake, naye ananiibia na kuniharibia gari. Kwamba nina daftari linaloonyesha siku na mahali. Kwamba kuanzia saa ile si dereva wangu. Kisha nikaliinamisha lile dumu, nikayamwaga mafuta yote mchangani.

Mama mmoja wa mitumba alisema, "Mzee Masjala, taratibu, huyu ni shemeji yako." Nilimjibu kwamba hilo ni jambo la kazi.

Mjomba wako hakupandisha sauti. Alifunga boneti, akaweka funguo za gari juu yake, akaokota mfuko wake na dumu tupu. Aliniambia, "Kifuniko unacho wewe, na ufunguo unao wewe." Akaondoka kwa miguu kuelekea kwao, watu wakimpisha. Pale ni nyumbani kwao. Kila aliyekuwapo alimjua tangu utotoni.

Jioni nilipofika hapa nilimweleza mama yako. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Yale mafuta nilimpa mimi. Ya mama. Aliniagizia kwamba taa yake haina kitu na dukani kwao yamekwisha."

Bibi yako, Mungu amrehemu, alikaa gizani usiku ule na siku nyingine kadhaa kwa sababu yangu. Unajua nilijibu nini? Nilijibu kwamba mafuta ya taa ni jambo moja na gari ni jambo jingine. Nilisema daftari halijabadilika.

Sasa nikawa dereva mwenyewe. Na hapa ndipo nakuomba usome polepole. Kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumshuku, sikuwa na sababu ya kushuka Kigwe na kijiti. Nilijaza tangi mjini, nikafunga kifuniko, nikaenda moja kwa moja. Kabla ya Bahi gari likaanza kumisi. Mimi peke yangu ndani yake, mikono yangu juu ya usukani.

Nilidhani uharibifu wake bado unafanya kazi. Nilimwaga petroli yote, nikaweka mpya. Likamisi. Safari ya tatu lilizima kabisa mchangani, abiria wangu wakashuka na mabelo yao, na mmoja akasema, bila kunitazama, "Afadhali ya Yohana, yeye lilimfikisha."

Nikampelekea fundi Hamisi, mzee wa Kondoa aliyekuwa na karakana hapa Makole, nyuma ya mashine ya kusaga. Nililifikisha likiwa zima, bila shaka, kwa sababu lilikuwa limelala. Akalisikiliza, akazima.

"Mzee, mgonjwa analetwa akiwa anaumwa," alisema. "Hili limelala usingizi mzuri. Twende wote tukalichokoze."

Tukaenda, tangi limejaa. Njiani aliniuliza maswali ambayo mimi, mwenye daftari, sikuwahi kujiuliza. Linaanza likiwa la moto au baridi? Likiwa na mzigo au tupu? Baada ya muda gani? Likisimama, linapona baada ya muda gani? Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza saa, "Na kabla halijaanza kuumwa, ulikuwa umebadilisha nini?"

"Sikubadilisha kitu."

"Hata kidogo?"

"Nimekwambia sikubadilisha."

Lilipoanza kumisi, aliniambia nisimame lakini nisizime. Nilitegemea ataifungua boneti. Hakuigusa. Alitega sikio kwa nyuma, akanyoosha mkono.

"Ufunguo wa tangi."

Alipozungusha kifuniko, tangi lilivuta pumzi. Nilisikia sauti ndefu, hewa ikiingia kwa nguvu kama mtu aliyeibuka majini. Tukarudi ndani, nikakanyaga mafuta, na gari likaondoka bila kukohoa.

Hamisi alingoja hadi lilipoanza tena, mbele zaidi. Akafungua tena, likavuta tena, likapona tena. Alisema mara moja inaweza kuwa bahati. Ndipo akanieleza. Petroli inapotoka kwenye tangi, hewa lazima iingie mahali pake. Kifuniko cha zamani kilikuwa na tundu dogo la kupitisha hewa, na hata bila tundu kilikuwa kimelegea. Hiki changu kilikuwa cha gari la aina nyingine linalopumua kwa njia nyingine. Kilikuwa kimeziba. Pampu ikavuta hadi ikashindwa kuvuta, na injini ikakosa petroli. Tangi likijaa pomoni, nafasi ya hewa ni ndogo, kwa hiyo hukwama mapema zaidi. Ukisimama muda mrefu, hewa kidogo hupenya kwenye mianya, ukadhani limepona.

"Mzee, gari lako umeliziba pua," alisema. "Ulinunua hii ya nini?"

"Nilidhani ninaibiwa."

"Na mwizi ulimpata?"

 Alichukua msumari na nyundo kwenye mfuko wake, akatoboa tundu moja. Gari halikumisi tena siku hiyo, wala mwaka huo, wala hadi nilipoliuza.

Nilikwenda nyumbani nikafungua daftari. Kila mstari ulikuwa wa kweli. Safari nilizokuwamo gari halikumisi, kwa sababu nilishuka kila kituo kufungua tangi ili nipime kama ninaibiwa. Safari za Yohana peke yake lilimisi, kwa sababu ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimeandika tarehe, mzigo, mahali na jina la dereva. Kitu kimoja sikukiandika: nilichokuwa nikifanya mimi. Hapakuwa na safu yake. Haikunipitia akilini kwamba ipo.

Wiki ijayo utapewa rejesta ya mahudhurio. Kutakuwa na mtoto anayekosa siku na kuja siku, na utaona mpangilio, na mpangilio utakuwa wa kweli. Sina la kukuambia zaidi ya hilo. Utakumbuka au hutakumbuka.

Baada ya mwezi nilikwenda Kintinku. Nilichukua sukari na jozi ya khanga kwa mke wake. Nilifika jioni, nikapita njia ya nyuma, ili nisipite mnadani. Alinikaribisha vizuri, akaniletea kiti, mke wake akachemsha chai. Nikamweleza yote kwa utaratibu: kifuniko, tundu, hewa, pampu, majaribio mawili ya Hamisi. Nilizungumza muda mrefu. Naamini sikuacha hatua hata moja.

"Kwa hiyo imepona," alisema.

"Imepona."

"Vizuri." Akaweka kikombe chini. "Nilikuwa nawaza hewa, lakini ningekwambia nini? Ningekwambia kifuniko chako ndicho kibaya, ungesema nataka kiondoke."

Hilo lilikuwa kweli. Kisha nikasema kwamba kazi yake ipo, arudi akitaka. Alinisindikiza hadi barabarani kama desturi. Pale kwenye lori nililokuwa nipande kurudi, aliniambia, "Shemeji, habari za gari umenieleza vizuri sana. Habari zangu hujanieleza."

Nilikasirika. Nilikuwa nimesafiri mchana kutwa, nimekiri kosa, nimempa mtu kazi yake, naye anataka nini tena? Nilijiambia kwamba nimeomba radhi na ombi limekataliwa, nikalifunga jalada. Nikakaa hivyo miaka.

Kile nilichokuwa sijakijua, au nilichokataa kukijua, nilikipata mwezi uliopita, ujumbe wake kuhusu wewe ulipofika. Nilimwambia mama yako kwamba kama Yohana ananichukulia mtoto nyumbani kwake, basi mambo yamekwisha. Aliacha alichokuwa akifanya.

"Yamekwisha kwako," alisema. "Unajua kwa nini analima mpunga?"

Nilisema nadhani alichoka na barabara.

"Baada ya siku ile hakuna mwenye gari aliyempa usukani. Wenye magari wote huja mnadani. Walisikia kwamba Yohana anachanganya mafuta, na aliyesema ni shemeji yake mwenyewe, mtu wa ofisini, mwenye daftari. Wewe ulimvua nguo sokoni, ukaenda kumvisha chumbani."

Nimeoa mwanamke huyu miaka ishirini na sita, na hilo alilibeba sita bila kunitupia. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Alisema alingoja niulize.

Kwa hiyo ninajua sasa alichotaka Yohana pale barabarani. Jina lake liko mnadani, mahali nilipoliangusha, na mimi nilikwenda kumtafuta nyumbani nikiwa na sukari. Kila dereva kijana anayepita Kintinku akisimuliwa habari zile, husimuliwa sehemu ya kwanza tu, kwa kuwa sehemu ya pili niliisema ndani, mlango umefungwa, mbele ya watu wawili ambao hawakuihitaji.

Nimefikiri kukupa barua ya kumpelekea. Nimeiandika mara nne, na kila mara ilikuwa nzuri, na kila mara nimeichana. Sikutumi wewe. Usiniombee radhi wala usinitetee. Akikuuliza kama baba yako amekueleza, sema ndiyo, amenieleza yote, pamoja na dumu la bibi. Msaidie mke wa mjomba wako kwa kazi za nyumba bila kungoja kuambiwa. Hilo si agizo langu, ni haki yao.

Mimi nitakuja siku ya mnada, Jumatano ya juma lijalo, kwa basi la asubuhi. Nimeulizia: mama wa mitumba aliyeniambia taratibu bado anauza palepale, na wenye magari bado huegesha chini ya miti ileile. Nitasimama hapo watu wakiwa wamejaa. Nimeandaa maneno, na unajua ninavyoandaa maneno. Yalikuwa kurasa tatu, nikapunguza, nikapunguza tena, yamebaki haya: Yohana hakuniibia. Kosa la gari nililifanya mimi kwa mkono wangu, nikamsingizia yeye hapa hapa mbele yenu. Basi. Sitataja tundu wala hewa. Akitaka kunipa mkono baada ya hapo, atanipa. Asipotaka, nitapanda basi la kurudi, na maneno yatakuwa yamebaki mahali yanapotakiwa kuwa.

Nakuomba jambo moja, nalo ni la pekee katika barua hii yote. Usimwambie kwamba ninakuja. Siku hizi hupeleka mpunga wake mnadani kila juma, lakini akijua nilichokusudia, hatatokea. Atabaki nyumbani kwa makusudi, ili mtu mzima kama mimi asiaibike mbele yake. Ndivyo alivyo. Amekuwa akinisitiri hivyo kwa miaka sita, nami niliona ni kiburi.

Safari hii sitaki anisitiri.

Baba yako